Taya la Korongoni

Nilipoolewa kutoka Litembo kushuka Lituhi, watu wa kwetu milimani walinitahadharisha juu ya joto, mbu na mamba. Kuhusu mama mkwe hakuna aliyesema neno, kwa kuwa hakuna aliyemfahamu. Hata wanakijiji wenzake walimwona Jumapili tu, akija kanisani na kurudi bila kupitia gengeni. Aliishi peke yake bondeni, upande wa juu wa Lituhi, si mbali na mto Ruhuhu, katika nyumba ya matofali ya kuchoma aliyojengewa na wanawe. Alilima muhogo na ufuta. Shamba lake lilipakana na korongo, na kila masika korongo lilijimegea kipande.

Mume wangu alinieleza sababu ya kujitenga huko tukiwa bado wachumba. Baba yake alikuwa mvuvi wa usipa, hawa dagaa wa Ziwa Nyasa. Siku moja upepo wa mwera, ule mkali wa kutoka kusini, ulianza kuvuma mitumbwi ikiwa mbali na nchi kavu. Mingine ilirudi, mingine ilisukumwa ikaenda kutua vijiji vya mbali, wa kwake haukuonekana tena. Walimtafuta mpaka upande wa Malawi, hawakupata hata kasia. Mama alikaa matanga bila maiti, na matanga yalipoanuliwa akafunga vyombo vyake akahamia bondeni, kwenye shamba la wazazi wake. Tangu hapo ziwa alilipa kisogo. Samaki alikula, lakini awe amekaushwa na kununuliwa na mtu mwingine.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Miaka ya kwanza nilimwogopa. Yeye Mpoto wa kando ya ziwa, mimi Mmatengo wa milimani, kila mtu na lugha yake. Tukasalimiana kwa Kiswahili na kubaki humohumo, yeye na Kiswahili chake cha kanisani na sokoni, mimi na changu cha ubaoni. Nikimwamkia, "Shikamoo, mama," alijibu, "Marahaba, Mwalimu," kisha akanyamaza mpaka nitafute kazi ya kufanya. Mume wangu alikuwa na kazi Mbamba Bay na alikuja mwisho wa wiki, kwa hiyo likizo za shule nilikwenda bondeni mwenyewe. Tulimenya muhogo kutwa nzima kimya, kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari.

Mwaka mmoja mvua zilinyesha kwa hasira. Zilipokatika nikaenda kumsaidia kuanika muhogo, na asubuhi ya pili, kabla sijamaliza uji, akasimama mlangoni na jembe begani.

"Mwalimu, njoo nikuonyeshe kitu. Lakini usipige kelele."

Tulishuka korongoni kwa kushika mizizi. Ukuta wa korongo pale ni udongo mwekundu wenye mistari ya kijivu, unabomoka ukiushika. Akaparua udongo kwa mkono, taratibu, kama anayefunua mtoto aliyelala. Ukatokea mfupa. Ulikuwa mrefu kama rula ya ubaoni, rangi ya chokoleti iliyopauka, na kwenye ukingo wake kulikuwa na meno madogomadogo yamejipanga. Niliugusa. Ulikuwa jiwe.

"Mamba?" nikauliza.

"Mamba gani wa jiwe?" Alikuwa ameshaanza kurudishia udongo. "Mvua ikinyesha anafunuka. Nikija namfunika. Ni mwaka wa tatu huu."

"Kwa nini unamfunika, mama?"

Alinitazama kama nimeuliza kwa nini watu wanavaa nguo. "Nimwache anapigwa na jua, mimi namwona?"

Sasa lazima niseme kilichonipata mimi. Chuo cha ualimu nilikosoma kulikuwa na kitabu kikubwa cha picha ambacho wenzangu hawakukipenda kwa sababu hakikuwa na mtihani ndani yake. Kilikuwa cha wanyama wa zamani, na kurasa nilizozipenda zilikuwa za mijusi wa baharini. Mmoja alikuwa na umbo la pomboo na macho makubwa kama sahani. Mwingine shingo yake kama ya twiga, na mahali pa miguu alikuwa na makasia manne ya nyama. Nilikuwa nakwenda maktaba kuwaangalia tu, mimi mtoto wa mlimani niliyekuwa sijawahi kuiona bahari, na mpaka leo sijui walinivutia nini. Niliposhika lile taya nikawaona palepale. Nikainua macho juu ya korongo, nikaona maji ya chumvi mahali pa mihogo.

Nilimbembeleza mama mkwe aniruhusu kupiga picha kwa simu. Alikubali kwa masharti: nipige haraka, na nisimweke mkono wa mtu karibu naye kama mnavyofanya na samaki mkubwa. Picha nikamtumia rafiki yangu wa chuoni aliyekuwa anafundisha Songea, naye akampa mtu anayehusika na mambo ya utamaduni, na huyo akasema ataipeleka mbele. Kisha kukawa kimya. Mwezi ukapita, na mwingine.

Kijijini hakukuwa kimya. Sijui nani aliona picha, lakini habari ilitoka kuwa mfupa, ikawa sanduku, ikawa mali ya Mjerumani aliyoizika wakati wa vita. Jumapili moja tuliporudi kutoka misa tulikuta nyayo nyingi zimeingia shambani. Ukuta wa korongo ulikuwa umepigwa sururu. Shimo lilikuwa wazi na tupu, waliochimba walikuwa wamekwisha kuondoka, na chini, kwenye mchanga, taya lilikuwa limesambaa vipande, vingine vidogo kama punje za mahindi.

Nilikaa chini nikalia kwa hasira. Mama mkwe hakulia. Aliweka kitabu chake cha sala juu ya jiwe, akafungua kitenge cha juu, akakitandaza, akaanza kuokota.

"Mama, acha tu. Wameshaharibu."

"Okota, Mwalimu."

"Ni vumbi, mama. Havitarudi kuwa kitu."

"Nani kakwambia namrudisha?" Aliinua kipande chenye jino, akakipuliza mchanga. "Mwenzake alipotea asionekane hata kidole. Huyu angalau kaonekana. Tena kaonekana kwangu. Sasa nimwache atawanyike?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimtaja mumewe, na hata hivyo hakumtaja jina. Niliinama nikaokota. Tuliokota mpaka jua likatupata mgongoni kutoka upande wa pili. Siku zilizofuata aliendelea peke yake, na kila mvua ya kuchelewa iliponyesha alishuka kuangalia kama mchanga umefunua kingine. Vyote aliviweka kwenye kapu la ukindu, amekitandika kitenge kilekile ndani, na kapu lilikaa chini ya kitanda chake. Wakati mwingine tukiwa tunamenya muhogo alilitoa, akageuza kipande kimoja kimoja. Mimi nikaanza kukaa karibu zaidi. Tukaanza kuzungumza, kwanza juu ya vipande, baadaye juu ya watoto, na siku moja juu ya mtu aliyependa ugali wa muhogo uwe laini na ambaye alikuwa anaimba vibaya.

Watafiti walikuja kiangazi. Nilitarajia wazungu wenye kofia, akashuka dada wa Kitanzania wa umri wangu, mweusi, mwembamba, buti zimechakaa, pamoja na wenzake wawili na dereva. Alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu. Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyewaleta, na alianza vibaya.

"Mama, hawa wametoka serikalini. Vitu vilivyo ardhini ni mali ya taifa. Wamekuja kuchukua."

Mama mkwe alikuwa anachambua ufuta kwenye ungo. Hakuinua uso. "Mfupa upo. Kuondoka hauondoki."

"Sheria, mama..."

Yule dada akamgusa mwenyekiti mkono. "Mzee, naomba utuachie kidogo." Akavua kofia, akapiga goti. "Shikamoo, mama." Alipoitikiwa hakusema la mfupa. Akauliza kama anaweza kukaa, akakaa kwenye gogo, akavuta ungo mwingine akaanza kuchambua ufuta. Hakujua. Alikuwa anatupa ufuta pamoja na makapi, na mama mkwe alivumilia kwa muda kisha akamnyang'anya ungo.

"Kwenu mnalima nini?" akamuuliza.

"Migomba, mama. Ufuta naujua wa kwenye keki tu."

Mama mkwe akacheka puani. Nikaleta maji. Baada ya muda mrefu mama mkwe mwenyewe ndiye aliyeuliza, macho yakiwa kwenye ungo.

"Alikufaje?"

Yule dada alifikiri. "Kwa hakika siwezi kujua, mama. Lakini udongo uliomfunika ni tope laini, la maji yaliyotulia. Nadhani alifia majini, akazama, tope likamfunika kidogokidogo."

"Hakutafutwa?"

Dada yule hakuwa na habari yoyote ya baba mkwe; hakuna aliyemsimulia. Niliona anatafuta jibu la kumfurahisha mama mkwe, kisha akaliacha. "Hapana, mama. Sidhani kama alitafutwa."

Mama mkwe akatikisa kichwa polepole. Akapepeta. "Mkimwacha hapa atakuwaje?"

"Masika mawili, matatu, korongo litambomoa mzima. Taya ni sehemu tu, fuvu na mgongo naamini bado vimo ukutani. Maji yatampeleka mtoni, na mto utampeleka ziwani."

Ungo ukasimama. "Ziwani?"

"Ndiyo, mama. Maji yote ya bonde hili yanaishia ziwani."

Aliweka ungo chini, akaingia ndani. Nilidhani kakasirika, na yule dada alidhani hivyohivyo maana alinitazama kuomba msaada. Mama mkwe akatoka na kapu, amelibeba kwa mikono miwili. Akaliweka miguuni pa mgeni.

"Ziwani hapana," akasema. "Mchukueni. Ila si leo. Kesho, mkishakunywa chai."

Dada yule alipofungua kitenge na kuona vipande aliziba mdomo kwa mkono. "Nani aliviokota?" Nikamwonyesha kwa macho. Hakutoa hotuba. Alisema "Ahsante, mama," na sauti yake haikuwa ya kazini.

Walipiga hema chini ya mteremko na wakakaa. Mimi likizo yangu iliangukia humo, nikawa nao kila siku. Nilikuwa nikifikiri kukusanya visukuku, hii mifupa iliyogeuka jiwe, ni kuchimba. Kumbe kuchimba ni kidogo, kazi kubwa ni kusubiri. Walikuwa wanalala kifudifudi wakikwangua udongo kwa vyuma vyembamba kama vya daktari wa meno, wanafagia kwa brashi ya rangi, wanadondoshea gundi kwenye nyufa, wanangoja ikauke. Fuvu lilitokea polepole, bapa na pana, kubwa kuliko ungo, na matundu ya macho yakiwa juu kabisa ya kichwa. Nyuma yake zikafuata pingili za mgongo.

Mchana wa jua kali, wakati wenzake wamelala, yule dada na mama mkwe walikaa barazani na vipande vyao juu ya mkeka. Walikuwa wanaviunganisha kama wanawake wanaotafuta jinsi chungu kilivyovunjika. "Jaribu hiki." "Siyo, kina kona." "Kigeuze." Wakipata vinavyoshikana mama mkwe aligonga goti kwa kiganja.

Hapo ndipo nilipopata ujasiri wa kuuliza swali langu. Nilimweleza yule dada juu ya kitabu cha chuo, pomboo mwenye macho ya sahani na yule mwenye shingo ya twiga, kisha nikauliza: huyu wetu ni yupi kati yao?

Yule dada aliacha gundi. Akaingiza mkono kwenye mkoba akatoa kitu cha mviringo, kimebonyea katikati pande zote mbili, saizi ya kisosi cha kikombe. "Hii ni pingili ya mgongo wa mjusi wa baharini, yule wa umbo la pomboo. Siyo yenyewe, ni mfano wa plasta. Yenyewe niliitoa kwenye mwamba wa ufukweni nilipokuwa masomoni nje. Nilikusanya hao kwa miaka. Ndio walionifundisha kazi."

Nikaishika.

"Lakini huyu, Mwalimu, bahari hakuiona. Hapa palikuwa na mito na madimbwi, siyo maji ya chumvi. Wakati anaishi hapa, wale wa baharini ndiyo kwanza walikuwa wanajifunza kuogelea, huko mbali. Na huyu siyo mjusi hasa. Anafanana na mamba, lakini ukoo wake uko karibu zaidi na chura."

"Chura!" Mama mkwe aliacha kipande kidondoke mkekani. "Huyu? Mwenye kichwa kuliko ungo wangu?"

"Ndiyo, mama."

"Chura wa meno?"

"Wa meno."

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Sikuwahi kumsikia akicheka vile. Mimi nilicheka pia, lakini nikaenda kusimama peke yangu ukingoni mwa korongo. Nilikuwa nimeipoteza bahari yangu. Yule dada alinifuata, akasimama pembeni bila kunibembeleza.

"Huko nje," akasema baadaye, "mijusi wa baharini wamejaa makabati. Nilikuwa natoa mmoja, nakuta wenzake wameshaandikwa na watu mia. Nikajiuliza, nyumbani nani anawatafuta wa kwetu? Nami nilisikitika kuwaacha wale, Mwalimu. Walikuwa wazuri sana." Aliniambia niendelee kuishika ile pingili, isiwe haraka kuirudisha.

Siku ya kuondoa fuvu walilifunga vitambaa vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta, tabaka juu ya tabaka. Mama mkwe alisimama juu anaangalia.

"Mnamfunga hogo," akasema. "Mimi walinifunga hivyohivyo hospitali ya Litembo nilipovunjika mkono. Msikaze sana, inawasha."

Akataka mnyama wake aombewe kabla ya kuondoka. Katekista wa kigango aliitwa, akafika, akaona kinachotakiwa kuombewa, akakuna kichwa. "Mama, mnyama hana sala yake. Tena chura." Mama mkwe akasema kama hawezi kumwombea chura basi awaombee wanaosafiri. Hilo katekista aliliweza. Aliomba dereva asisinzie, gari lisiharibike kwenye kona za Mbinga, na vyote vilivyomo vifike salama, na pale kwenye "vyote" mama mkwe aliitikia amina kabla sala haijaisha. Gari lilipotoka alilifuata kwa miguu mpaka lilipoingia barabara kubwa. Hakupunga mkono.

Nilihofia atarudi kwenye ukimya wake. Wiki chache baadaye, mume wangu alipokuja, mama mkwe alimkalisha chini. "Nataka msalaba wa baba yako," akasema. "Pale makaburini Lituhi, pamoja na ndugu zake. Najua hakuna cha kuzika. Nataka jina." Mume wangu akanitazama, nikajibu mimi kwamba tutaweka. Padre alisema hakuna ubaya. Siku ya kuusimika wakaja wavuvi waliokuwa naye siku ile ya mwera, sasa wazee, na mmoja wao alisimulia jinsi walivyopishana kwenye mawimbi na jinsi baba mkwe alivyomfanyia ishara aelekee nchi kavu. Mama mkwe alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo, kwa kuwa hakuwahi kukaa na watu hao. Aliomba aisimulie tena.

Yule dada alirudi baada ya miaka miwili, na amekuwa akirudi kila anapopata fedha za utafiti. Alituletea shuleni mfano wa lile taya, uzito wake kidogo tu, na akawaambia wanafunzi kwamba lile lenyewe limekamilika karibu lote, ni meno machache yanayokosekana. Mama mkwe alikuja kuliona. Aliligusa, akasema rangi wamekosea, lakini mwendo wa meno ni wenyewe.

Sasa macho yake yamepungua na anaishi kwetu kijijini, ila mvua zikikatika hakuna wa kumzuia kwenda bondeni. Nampeleka kwa bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika. Tunatembea korongoni, mimi naangalia, yeye anapapasa. Tuna kibali na maelekezo: tusichimbe, tupige picha, tuweke alama, tupige simu. Yule dada alitufundisha pia kwamba ukishindwa kutofautisha jiwe na mfupa, ugusishe kwa ulimi, maana mfupa wa zamani una vitundu na ulimi hunata. Mimi kama mwalimu wa afya wa shule yetu nililipinga hilo. Mwaka huu, kwenye mchanga chini ya ukuta mpya uliobomoka, niliokota kitu cha kijivu nikasema ni jiwe. Mama mkwe akaninyang'anya, akakifuta kwenye kitenge, akatoa ulimi.

Alikaa nacho kidogo, akatema mate pembeni.

"Piga simu," akasema.